LESENI ILIYOFUTWA



Mwezi huu maneno yetu ni ya madereva wa lori na mabasi. Asiye dereva amsomee ndugu yake aliye dereva.

Iko leseni iliyokwisha muda, na iko leseni iliyofutwa na korti. Wengi huchanganya mambo haya mawili. Ile ya kwanza mtu huenda kulipa, akaendelea na kazi. Ya pili imekufa. Hakimu amesema huyu asishike usukani mpaka muda fulani upite, na muda ukipita ni lazima aombe upya. Hairudi mfukoni yenyewe.

Tazameni kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, Cap. 403. Dereva aliyeua mtu kwa kuendesha kwa hatari aweza kufungwa hata miaka 10, na korti humfutia leseni na kumkataza kuwa na nyingine kwa miaka 3. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Miaka hiyo 3 huhesabiwa tangu siku ya hukumu au tangu siku ya kumaliza kifungo, ile inayokuja baadaye. Basi aliyefungwa miaka 2 akitoka jela asiseme, "Nimebakiza mwaka 1." Amebakiza yote 3. Siku alizolala jela hazikumpunguzia hata moja.

Asiyeridhika na hukumu ana siku 14 za kukata rufani. Lakini kukata rufani si ruhusa ya kurudi kwenye lori. Aulize korti kwanza.

Sasa huyu mtu ana watoto na kodi ya nyumba, na kazi anayoijua ni moja. Anakwenda kwa tajiri, naye tajiri anamwambia, "Endesha tu, askari nitasema nao mimi." Mara nyingi mshahara wake hupunguzwa, maana tajiri anajua hana mahali pa kupeleka mashtaka. Ndugu, huo si wema. Ni kumnunua mtu kwa bei ya hasara.

Akisimamishwa barabarani, hilo ni kosa jipya, mbali na lile la kwanza, na korti yaweza kumtoza faini au kumfunga. Akigonga mtu ni vibaya zaidi. Hati nyingi za bima husema dereva awe mtu asiyekatazwa kuendesha. Kampuni ya bima ikilazimika kumlipa aliyeumia, yaweza kugeuka kudai fedha zake. Na ikikataa kulipa, yule aliyevunjwa mguu, pengine mfanya kazi kama sisi, atamdai nani?

Tajiri naye hana njia ya kutoka. Kifungu cha 30 kinamkataza mwenye motokaa kumruhusu mtu asiye na leseni halali aendeshe. Lakini siku ya kukamatwa, anayekutwa kwenye kiti ni dereva. Tajiri yuko ofisini, na maneno yake ya "endesha tu" hayakuandikwa popote.

Kwetu relini, mtu akikosa ruhusa ya kupanda injini hapewi treni hata kama abiria wamejaa stesheni. Hutafutiwa kazi nyingine karakana au yadi. Hatuoni kwa nini wenye malori wasifanye hivyo. Dereva wa miaka mingi anajua kupakia, anajua matairi, anajua kusoma hati za mizigo.

Tajiri akitaka kumwachisha kazi kwa kosa lake au kwa kushindwa kazi, kifungu cha 41 cha Sheria ya Kazi ya 2007 kinamlazimu kumweleza sababu kwa lugha anayoifahamu, na kumsikiliza mbele ya mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama. Tutasimama naye hapo, na tutaomba apewe kazi nyingine. Lakini aliyeficha hukumu ya korti akaendelea kuendesha, tutadai asikilizwe tu. Hatutasema hakukosa. Wako watakaotukasirikia kwa neno hili, na wakasirike.

Mwanachama aliyefutiwa leseni alete karatasi ya hukumu kwa katibu wa tawi lake kabla hajazungumza na tajiri. Tutahesabu naye tarehe, kisha tutakwenda pamoja.