MWAKA WAO, NA WEWE JE?

Ndugu yangu Muislamu, soma kisha ujiulize.

Mayahudi huingia mwaka wao tarehe 1 Tishri, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Hawaupokei kwa fataki. Hukusanyika katika sinagogi, hupulizwa pembe ya kondoo dume, na huamini kuwa siku hiyo viumbe wanahukumiwa. Hapo huanza siku 10 za toba, na mwisho wake ni saumu ya Yom Kippur, usiku na mchana, bila chakula wala maji.

Sisemi tuwaige. Mtume (S.A.W.) aliwakuta Mayahudi wa Madina wamefunga Ashura, akaifunga na kuamrisha ifungwe, kisha akaazimia kufunga na siku ya tisa ili tutofautiane nao.

Lakini wewe, Disemba 31 uko ufukweni unahesabu sekunde! Mosi Muharram ilikukuta wapi? Ashura uliifunga? Sikuambii ufanye sherehe, nakuambia uijue kalenda yako. Usimcheke anayeuanza mwaka wake kwa toba, ilhali wewe wako umepita hata hukujua.

Allah atuamshe kabla ya mauti. Aamiin.