"Si Upo Tu Nyumbani?": Haki ya Mama Anayewasomesha Watoto wa Ukoo



Ndugu yangu katika imani, siku hizi wameongezeka wazazi wanaowasomesha watoto wao wadogo nyumbani. Mama mwenye elimu yake anaona mtoto wa miaka mitano hawezi kuamshwa saa kumi usiku kungojea basi la shule. Anamweka sebuleni, anamfundisha Qur'ani, kusoma, kuandika na hesabu. Ni jambo jema na mimi naliunga mkono. Halafu wifi anasikia, analeta wake wawili. Shemeji naye anasema wa kwangu watakosaje? Mwezi haujaisha, sebule imekuwa chuo.

Dada mmoja aliye katika hali hiyo ameniletea swali. Ana watoto saba mkekani, watatu wa kwake na wanne wa ndugu za mumewe. Hakuuliza habari ya malipo hata kidogo. Ameuliza kama anapata dhambi akisema amechoka, kwa sababu alipomgusia wifi yake alijibiwa: "Umechoka na nini? Si upo tu nyumbani?"

Dada yangu, hupati dhambi. Mwenye kuogopa dhambi ni aliyelitamka neno hilo.

Hebu wewe unayesema "yupo tu" nenda ukakae naye siku moja. Wa miaka minne bado ana usingizi, analia. Wa sita amekwama hapo kwenye ain na ghain, kila akirudia anakosea. Wa nane amemaliza hesabu zake na anataka nyingine. Wawili wanagombea kifutio. Uji unahitajika, vikombe saba, na sukari si ya mto. Mmoja amekuja na juisi na biskuti kwenye begi, binamu yake amekuja mikono mitupu anamtazama. Mama inabidi atumie hekima asilize yeyote. Adhana ya adhuhuri inamkuta hajabandika sufuria ya mchana. Jioni unakuja kumchukua mwanao, unaulizia amefika sura gani, unaondoka. Hata shikamoo ya mtoto wako kwa shangazi yake unasahau kumkumbusha.

Kusomeshwa na shangazi au mama mdogo ni sunna ya watu wema waliotutangulia, wala haikuanza kwenye intaneti. Ibn Abbas, naye ni mtoto wa ami yake Mtume (s.a.w.), alilala usiku mmoja kwa mama yake mdogo au mkubwa, Bi Maymuna, mke wa Mtume, ili aone swala ya usiku inavyoswaliwa. Alisimama kushoto, Mtume akamhamishia kulia. Somo la mtoto, ndani ya nyumba, bila ubao. Na mtazame Bi Aisha (r.a.). Urwa bin Zubayr ni mtoto wa dada yake, Asma. Qasim bin Muhammad ni mtoto wa kaka yake, yatima aliyempoteza baba yake kule Misri. Kwa mmoja yeye ni mama mdogo, kwa mwingine ni shangazi. Binamu hao wawili walichota elimu kwake, na wote wawili wakahesabiwa katika mafakihi saba wa Madina. Kwa hiyo usimdharau mwanamke anayekalisha watoto wa ndugu mkekani, hujui anakulelea nani.

Atatokea mtu aniambie: "Sheikh, mbona hatujasikia Urwa akilipa ada?" Kweli. Lakini Bi Aisha alikuwa na fungu lake kutoka hazina ya Waislamu tangu zama za Sayyidna Umar. Wifi yako hazina yake iko wapi? Ni hiyo hela ya matumizi anayoachiwa na mumewe asubuhi, na wewe umempelekea midomo minne.

Soma Suratu Talaq, aya ya 6. Mwenyezi Mungu anamwamrisha mume aliyemwacha mkewe ampe ujira wake akimnyonyeshea mtoto, na wawili hao washauriane kwa wema. Mama yule anamnyonyesha mtoto aliyemzaa mwenyewe, na bado ana ujira! Sisemi hukumu ya kunyonyesha na ya kufundisha ni moja. Nakuuliza tu: ikiwa mzazi mwenyewe hakuambiwa afanye bure, huyu ambaye hakumzaa mwanao umemhukumu afanye bure kwa aya ipi?

"Atapata thawabu." Hilo nalo nalisikia sana. Thawabu ni zake yeye na Mola wake. Si pesa zako hata umlipie nazo. Akisema mwenyewe kwa ridhaa yake kwamba anafundisha kwa ajili ya Allah, hapo sawa, na bado uji unahitaji unga. Sisi tuliosoma chuoni zamani tulimchotea maalim maji, tukamtafutia kuni, na mzazi hakukosa chochote cha kumtuma mtoto apeleke. Walikuwa maskini kuliko sisi.

Basi kaeni, ndugu wa baba mmoja, mkubaliane. Nani anatoa nini kwa mwezi, nani ananunua madaftari, saa za kuanza na kumaliza, siku za mapumziko. Akiugua, watoto wanakwenda wapi? Andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni, na haikuwatoa ndugu.

Angalieni na umri. Mtume (s.a.w.) ameelekeza watoto watenganishwe malazi wakifika miaka kumi, na binamu si maharimu. Mke wa ami naye si maharimu wa mtoto wa kiume wa shemeji yake akishabaleghe, tofauti na shangazi wa damu. Wasomee sebuleni, mlango wazi, wakubwa wasiachwe peke yao na wadogo vyumbani. Na hapa Tanzania sheria inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi akitimiza miaka 7. Kwa hiyo huyo wa nane asibaki mkekani kwa sababu tu shangazi anafundisha vizuri. Aandikishwe, aje jioni kwa Qur'ani yake.

Neno langu la mwisho ni kwa mume wa dada huyu, maana najua ukurasa huu anausoma. Hao ni ndugu zako, siyo ndugu zake. Usimwache mkeo akagombane na dada zako kwa ajili ya sukari. Wapigie wewe, waite nyumbani Jumapili hii, uzungumze wewe, yeye akiwa amekaa anapumzika. Wakisema hawana cha kutoa, basi dada zako waje kwa zamu, siku mbili mbili kwa wiki, wakae na watoto mkekani na kupika uji.

Wallahu aalam.