Umelipia Intaneti, Ukauziwa Nusu

Wasee wa Migori na Homa Bay, hebu tuambiane ukweli. Ile WiFi ya nyumbani unayolipia kila mwezi ni bomba la upande mmoja. Kuvuta unaruhusiwa: TikTok, YouTube, mechi, sinema. Siku unataka mtu wa nje aje kuchota kwako, mlango haupo. Sisemi umefungwa. Haupo.

Mimi nina ubao wa matangazo unaoishi kwenye laptop kuukuu hapa nyumbani Awendo. Watu wanaweka bei ya omena ya Mbita na Muhuru Bay, matanga, harambee, nani anauza ng'ombe. Simu zote za hapa nyumbani zilikuwa zinaufungua bila shida. Mtu wa Oyugis akijaribu, kimya. Nikapigia huduma kwa wateja ya kampuni iliyonifungia laini, jina nalihifadhi. Wakasema zima ruta, subiri, washa. Siku ya pili, zima, subiri, washa. Siku ya tatu wakaniambia ninunue ruta mpya. Ruta haikuwa na kosa lolote, na mtu wa kuniambia hivyo hakuwepo upande ule wa simu.

Kama uko kwenye hali hiyo, usinunue kitu. Zima WiFi kwenye simu, washa data, ndio ujaribu kufungua ubao wako kwa anwani ya nje. Ukijaribu ukiwa kwenye WiFi yako mwenyewe, ruta nyingine hukudanganya, hazijui kumrudisha ndani mtu aliyetoka ndani. Ikikataa, ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute anwani ya IP iliyoandikwa WAN. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako jinsi dunia inavyoiona. Linganisha. Zikifanana, shida iko kwako: poti haijaelekezwa kwa laptop, au laptop imebadilishiwa anwani ya ndani, au fayawoli yake inazuia. Hayo ni ya jioni moja. Lakini zikitofautiana, na ile ya ruta inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, acha kuelekeza poti. Utaelekeza mpaka Krismasi. Umewekwa nyuma ya anwani ya pamoja.

Anwani ya pamoja ni kama S.L.P. ya shule. Ukiandika barua ukampa mwalimu mkuu, ataiandika kwenye daftari lake, na jibu likirudi anajua ni la nani. Ila mgeni akituma barua kwa S.L.P. hiyo bila kuandikiwa kwanza, mwalimu mkuu ataangalia wanafunzi mia kadhaa, hajui ampe nani, ataitupa. Ubao wako unangoja barua za wageni. Ndio maana haupati hata moja. Zile namba za 100.64 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo, ya kampuni kurundika wateja nyuma ya sanduku moja.

Sasa watakuja na utetezi. Wa kwanza: anwani zimeisha. Ni kweli, nusu. IPv4 ina anwani kama bilioni 4.3 tu, na hazina kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Za kwetu Afrika zinagawiwa na AFRINIC kule Mauritius, na hao wamekuwa mahakamani na Cloud Innovation, kampuni moja iliyoshika zaidi ya anwani milioni 6, ambazo AFRINIC ilidai zinatumika nje ya bara. Mwaka 2021 mpaka akaunti za benki za AFRINIC zikafungiwa kwa amri ya mahakama. Anwani za Afrika zinagombaniwa hivyo, halafu mama wa omena anaambiwa azime ruta awashe. Lakini IPv6 iliandikwa tangu 1995, na ina anwani za kutosha kila kifaa cha kila boma. Kwa nini haijawashwa kwenye laini yangu? Hilo swali halina uhusiano na uhaba.

Utetezi wa pili: ni kwa usalama wako. Hapana. Kinachokulinda ni fayawoli na nywila isiyo 1234. Kunifungia mlango bila kuniambia kwamba nina mlango, huo si ulinzi.

Na kuna mtu hapa anasoma anasema, buda, si uweke tu kwa Telegram? Novemba 2023, na tena Novemba 2024, KCSE ikiendelea, Telegram ilibanwa Kenya nzima kwa sababu ya wezi wa mitihani. Mwenye kuuza samaki hakuiba mtihani wowote. Au uweke Facebook, halafu siku moja kurasa ifungwe na mashine, ukate rufaa kwa mashine. Mimi naishi kwa hizo kurasa, ndiyo kazi yangu, kwa hiyo najua zinavyoweza kukuamkia vibaya. Bei za soko letu na majina ya marehemu wetu zinafaa kukaa mahali tunapoweza kupaendea kwa miguu.

Mimi nimejipita. Nimekodi seva ndogo yenye anwani ya wazi, laptop yangu inaichimbia handaki kwa WireGuard kutoka ndani, wageni wanapitia huko. Inafanya kazi vizuri. Ila ona: nalipa mara mbili, na mtu wa Oyugis sasa anasoma bei ya Mbita kupitia kompyuta iliyo ng'ambo. Ukiomba anwani ya kudumu unaambiwa hiyo ni ya biashara, na bei yake ni ya biashara kweli.

Ninachotaka ni kidogo. Kwenye tangazo, karibu na ile spidi mnayoandika kwa herufi kubwa, andikeni kama anwani ni ya wazi au ya pamoja. Mamlaka ya Mawasiliano iwalazimishe. Washeni IPv6. Na wewe, fundi akija kukufungia laini, kabla hajaegemeza ngazi muulize hilo swali. Akisema hayo ni mambo ya Nairobi, mpe kiti na chai, apigie Nairobi hapo hapo.