Barabara Ndiyo Mlinzi wa Ufuo

Sisi tukaao Nyakatuntu, katika Wilaya ya Kyerwa, hatukujaaliwa bahari. Maji yetu makubwa ni ya Mto Kagera, unaotutenga na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini, na huenda msomaji wa Tanga au wa Lamu akastaajabu kumwona mtu wa vilima na migomba akijitia katika mjadala wa magari na fukwe. Lakini mkazi wa Bukoba mjini huliendea Ziwa Viktoria kwa ndara zake, jioni, akarudi kabla ya chakula kuiva, ilhali sisi, tukitaka watoto wetu walau mara moja waone maji yasiyo na ng'ambo, hatuna budi kuchangishana nauli, kukodi Coaster, kupakia vikongwe, masufuria na vyandarua vya kulalia wachanga, kisha kushika njia ya Nkwenda na Omurushaka hata Kyaka, na kutoka huko kuteremkia ziwani. Gari hilo likifika likakuta ukuta, geti, na mlinzi aulizaye kama wageni wamekuja kununua chakula, basi kwetu ufuo umefungwa, hata kama kijana mwepesi wa miguu aweza kujipenyeza kwenye kichochoro cha jirani.

Wapo watakaosema kwamba sheria imekwisha kututosheleza, na kwa insafu nitakiri kwamba si sheria dhaifu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufuo wa ziwa au pwani miongoni mwa ardhi za hatari, na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu katika umbali huo huo. Hata hivyo, mita 60 za mchanga zilizozibwa kwa nyuma na viwanja vilivyoshikamana ukuta kwa ukuta ni mali ya umma kwa jina tu, kwani mwenye kiwanja hakujenga mchangani, wala hakuvunja amri yoyote, na bado amelimiliki ziwa zima lililo mbele yake. Malalamiko ya namna hii wenzetu wa Mombasa na Diani wamekuwa nayo kwa miaka mingi, kwamba njia za kuendea pwani zilizokuwamo katika ramani zimemezwa na viwanja moja baada ya moja.

Tazama, kinyume chake, ufukwe wa Oysterbay jijini Dar es Salaam, uitwao na watu Coco. Pale Barabara ya Toure imepita kando ya bahari, nyumba za wakubwa zikabaki upande wa pili, na kwa sababu hiyo tajiri na maskini huegesha bega kwa bega. Jioni ya Jumapili mihogo hukaangwa, ikapasuliwa, ikatiwa pilipili na chachandu, na bibi aliyechoka kiuno akaila akiwa amekaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi, upepo wa kusi ukimpiga usoni. Rai yangu ni kwamba kilichohifadhi mahali pale kwa umma ni ile lami zaidi ya kifungu chochote cha sheria, maana kiwanja huuzwa kimyakimya, bali barabara ya watu wote haifungwi bila mji mzima kupiga kelele. Huko Marekani, jimbo la Oregon lilitangaza mwaka 1913 kwamba ufuo wake wa bahari ni barabara ya umma, na kwa hila hiyo njema likauzuia usikatwe viwanja.

Simaanishi, hata kidogo, kwamba magari yaingie mchangani. Mafia na Pangani kasa huja kutaga usiku, na kifaranga akitumbukia katika mfuo wa gurudumu aghalabu hawezi kutoka. Na huku kwetu kwenye maziwa, nani asiyemjua dereva wa bodaboda aingizaye pikipiki majini hadi kwenye injini, akaisugua kwa sabuni ya unga, na mafuta yakaelea kuelekea pale akina mama wanapochota? Gari lifike penye ardhi ngumu, lisimame hapo, na mawe makubwa yapangwe ili lisiendelee. Kutoka hapo wenye miguu watembee, na wasioweza wabebwe.

Wenye mahoteli hulalamika kwamba umma una makelele na takataka, na wageni wao hulipia utulivu. Hawasemi uongo. Lakini dhima ya kufagia na kutuliza ni ya halmashauri, ambayo hutoza ushuru kwa ajili hiyo, wala haitekelezwi kwa kumfungia geti aliyesafiri tangu alfajiri.

Kwa hiyo nawaomba madiwani wa Kagera, wa Bukoba na hata wa kwetu Kyerwa, ambako kingo za mto bado hazijawa ghali, wasiidhinishe kiwanja kingine chochote kando ya maji kabla ya kuchorwa njia ya gari ya umma na mahali pa kuegesha, na ramani hiyo ibandikwe katika ofisi ya kila kata, mahali ambapo mwananchi ataiona bila ya kuomba ruhusa.