Ekzosi kubwa siyo nguvu ya gari, jamani

Najua nimepotea kidogo, mambo ya UE hayo mnayajua wenyewe. Leo sina stori ya bweni wala ya kafeteria. Nataka kuongelea hizi Subaru zinazopita usiku zikipiga risasi kwenye ekzosi, maana mjadala umekuwa mrefu huku kwetu na nimechoka kubishana kwa mdomo.

Msimamo wangu ni huu. Mtu mwenye Impreza WRX akitaka kuiongezea nguvu, aiongezee, gari ni lake na raha ni yake. Ila anayebadilisha vyuma bila kubadilisha hesabu zilizomo ndani ya kompyuta ya injini haongezi nguvu. Anaidanganya injini, na injini haina ustaarabu wa kukuuliza mara mbili.

WRX ya kwanza ilitoka Japan mwaka 1992 na injini ya lita 2 yenye tabo, farasi 240. Mwaka 1996 toleo la STi likafika 280, na hapo namba ikagoma kupanda. Siyo kwamba walishindwa. Makampuni ya magari ya Japan yalikuwa yamekubaliana tangu mwaka 1989 kutotangaza gari la zaidi ya farasi 280, na makubaliano hayo yalidumu mpaka 2004. Ndiyo maana mafundi wetu wana imani kwamba Mjapani ameficha kitu mle ndani, kazi yako ni kufungua bomba tu! Kuna ukweli kidogo. Lakini sehemu kubwa ya hicho "alichoficha" ni akiba: akiba ya siku ya joto, ya foleni, ya mafuta mabaya.

Na hapo kwenye mafuta ndipo penye shughuli. Hizi WRX za mtumba zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japan, okteni karibu 100. Wese la kawaida la sheli zetu halifiki huko. Petroli yenye okteni ndogo ikibanwa sana na kupata joto inajiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Pistoni inapigwa kama na nyundo. Kompyuta ina sensa ya kusikiliza mapigo hayo, ikiyasikia inachelewesha cheche ili kuokoa jahazi. Kwa hiyo gari lako hata kabla hujaligusa tayari linajitetea. Halafu wewe unaenda kuliongezea presha ya tabo!

Kuna mshkaji mmoja wa mwaka wa tatu, jina naliweka kapuni. WRX yao ni gari ya familia, mama yake alikuwa anabebea mzigo wa vitenge. Jamaa akapata fundi, sitaki kumtaja, akafungiwa filta ya wazi, akatolewa masega (lile chujio la moshi), akawekewa ekzosi nene na ile valvu ya pshhh. Mwisho fundi akaongeza presha "kidogo tu" kwa kuzungusha kidude cha mkono. Hakuna aliyechomeka kompyuta hata mara moja.

Sasa sikilizeni. Sensa ya hewa ya Subaru inahesabu hewa kwa kuamini upana wa bomba ililotoka nalo kiwandani. Ukiweka filta yenye bomba pana zaidi, hewa nyingi inapita na sensa inaripoti kidogo. Kompyuta inamwaga petroli ya ile hewa kidogo. Injini inabaki na hewa nyingi mafuta machache, moto unazidi. Kutoa masega nako kunaipunguzia tabo kizuizi, presha inaweza kuruka juu kuliko uliyoipanga. Weka vyote hivyo pamoja kwenye petroli yetu, tena gari ambayo kipoza hewa chake kimekaa juu ya injini, kikiiva kama chapati kwenye foleni ya Mwenge.

Miezi miwili jamaa alikuwa mfalme. Siku moja akielekea Morogoro gari likakosa nguvu ghafla, moshi wa bluu nyuma, oili inatapikwa. Injini ilipofunguliwa, ule ukingo mwembamba wa pistoni unaoshika ringi ulikuwa umevunjika. Wamiliki wa Subaru za tabo wanaujua sana ugonjwa huo. Mama mtu amepanda bajaji na mzigo wake semista nzima. Mimi hilo ndilo lililoniuma, siyo pistoni.

Sasa kuna kaka mwingine, anakaa Sinza, ana WRX ya umri huohuo. Yeye alianza kwa mambo yasiyopigiwa picha: akapima kompresheni ya silinda zote nne, akaziba hewa inayovuja kwenye mipira, akabadilisha plagi na pampu ya mafuta, akanunua breki na matairi ya maana. Akafunga kipimo kinachoonyesha uwiano wa hewa na petroli. Ndipo akatafuta mtu wa laptop, wakazunguka na gari wakisoma namba na kurekebisha, kwa petroli ileile anayonunua kila siku. Walipoona injini inaanza kugonga, wakarudi nyuma. Ukipita karibu na gari lake hujui kama limeguswa. Miaka inakatika na linakwenda, na oili anamwaga kila kilomita 5,000 bila kukumbushwa.

Ile valvu ya pshhh nayo niiseme, maana ndiyo kipenzi cha watu. Inatupa nje hewa ambayo sensa ilishaihesabu, ila kompyuta bado inaimwagia petroli. Moshi mweusi, gari linakohoa. Yaani unalipia wese ili usikie sauti ya jiko la presha!

Kuna wanaonijibu kwamba Nairobi wanafanya kila siku, tena wanatuletea faili tayari la kuweka kwenye kompyuta. Ndugu zangu, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Tabo ya kule inazunguka zaidi ili kupata presha ileile. Faili lililopangwa kule likiletwa huku kwenye hewa nzito bila kupimwa upya, linaweza kukupa presha ambayo hukuitegemea. Wengine wananitajia Colin McRae kushinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997. Sawa kabisa, ila McRae alikuwa na jeshi la mafundi wakimsubiri njiani. Wewe una fundi mmoja, na simu yake ukipiga siku ya tatizo haipatikani.

Mshkaji wangu sasa anatafuta injini ya mtumba pale Ilala. Bei aliyotajiwa inazidi ada ya mwaka mzima. Nimembana akubali mambo mawili: filta na ekzosi vinarudi vya kiwandani, na injini inapimwa kompresheni kabla hela haijatoka mfukoni. Kama kuna mdau anajua fundi Ilala mwenye kipimo chake mwenyewe, siyo wa kusikiliza kwa sikio, anistue kabla ya Jumamosi.