Fundi, Weka Nyundo Chini!

Nasema wazi, na mafundi wakasirike wakitaka: zile fremu za Black Mamba zinazotupwa hapa Myanga eti "zimekufa" hazikufa. Zimeuawa.

Mambo yenyewe ni haya. Ekseli ya pedeli huzunguka kati ya bakuli mbili za chuma zenye gololi, moja kila upande, zilizofungwa kwa hesi ndani ya fremu. Maji na tope vikiingia, kutu hushikanisha bakuli na fremu. Fundi anaweka spana, anazungusha kushoto kama nati yoyote. Haitoki. Anaongeza bomba. Haitoki. Analeta patasi na nyundo. Hesi zinasagika, na mwenye mali, mama anayepeleka maziwa sokoni, anaambiwa atafute fremu nyingine.

Jamani, alikuwa anaikaza! Kwenye baiskeli zenye hesi ya Kiingereza, bakuli ya upande wa mnyororo ina hesi ya kinyume. Hufunguka kulia, jinsi mshale wa saa unavyokwenda. Ya upande wa pili ndiyo hufunguka kama kawaida. Wala si wazimu wa Waingereza: gololi zikibanwa na uzito wa mpandaji, huisukuma bakuli kidogo kidogo kinyume cha mwendo wa ekseli, hivyo hesi ya kawaida upande huo ingejifungua yenyewe njiani. (Waitaliano waliweka hesi ya kawaida pande zote mbili, na bakuli zao za kulia zina sifa ya kulegea. Shauri yao.)

Mimi naandika programu ili nile, na ugonjwa huu naujua. Ni wa yule anayefomati kompyuta nzima kabla ya kusoma ujumbe wa hitilafu ulio mbele ya macho yake.

Toa kota pini, ekseli na gololi. Laza fremu, tia mafuta ya taa kwenye hesi kwa ndani, acha usiku kucha. Kisha bana bapa za bakuli kwenye jiliwa, upande wa mnyororo ukiangalia chini, uzungushe fremu nzima kwenda kulia ukiitazama kutoka juu. Fremu yenyewe ndiyo wenzo, tena mrefu kuliko spana yako. Huna jiliwa? Mchomeleaji wa jirani anayo, muombe kwa adabu.

"Mteja hawezi kungoja mpaka kesho," utaniambia. Ajabu! Huwezi kumngojesha usiku mmoja, lakini unaweza kumwambia angoje mpaka apate pesa za fremu?

Kabla ya kurudisha bakuli, paka grisi kwenye hesi. Na chora mshale kwa rangi ubavuni mwa fremu, maana fundi ajaye naye ana patasi.