Programu Inayongoja Kidole

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niligombana na watu wengi juu ya jambo moja: ufunguo wa stoo. Ufunguo ukikaa mfukoni mwa mtu mmoja, stoo hiyo si ya chuo tena, ni yake. Nimestaafu, chaki nimeiweka chini, lakini ugomvi ni ule ule. Umehamia kwenye kompyuta.

Ipo maktaba ya chuo kimoja, sitakitaja, yenye programu ya kuazimisha vitabu. Iliandikwa kwa ajili ya Windows, na aliyeiuza haonekani tena. Kompyuta inayoihifadhi inaendeshwa na Linux, maana ni kuukuu na fedha ya leseni haikuwapo. Hapo hapana ajabu. Tangu mwaka 1993 wapo watu wanaoitengeneza Wine, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2008, baada ya miaka 15 ya subira. Wine ni mkalimani: programu ya Windows ikiomba kufungua faili, Wine huligeuza ombi hilo likawa lugha inayoeleweka na Linux. Kazi inakwenda.

Inakwenda, ila asubuhi. Umeme ukikatika usiku na kurudi, kompyuta huamka yenyewe, lakini programu hubaki imelala mpaka afike kijana mmoja, aingize neno lake la siri, abofye. Kijana akiwa msibani, wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha hurudishwa mlangoni mikono mitupu. Nilipouliza nikajibiwa, "Mzee, hilo tumeshalimaliza. Tumeifanya kompyuta ijifungue yenyewe bila neno la siri." Kumaliza gani huko! Huko ni kung'oa mlango kwa sababu mwenye ufunguo amechelewa. Kila apitaye sasa anaikuta skrini wazi.

Dawa ipo, wala haiuzwi. Tangu mwaka 2010 kuna systemd, ambayo leo ndiyo huziamsha Linux nyingi zinazojulikana. Faili fupi la maandishi huwekwa katika /etc/systemd/system, likisema ni programu ipi, iendeshwe kwa jina la nani, ianze baada ya nini, na ikianguka iinuliwe. Kisha amri moja, systemctl enable, na tangu hapo programu ni huduma. Huamka pamoja na kompyuta, mtu awepo asiwepo. Nalipenda faili hilo kwa sababu linasomeka. Mgeni akija kazini ataliona, atalielewa, hatahitaji kumpigia mtu simu.

Lakini wapo mafundi wenye haraka ambao huiendesha huduma hiyo kwa jina la root, mwenye mamlaka yote. Hawa siwasamehi. Kwa kawaida Wine huionyesha programu diski yote ya Linux kama diski Z. Ukiipa na mamlaka ya root, kirusi kimoja cha Windows kitapita chumba kwa chumba. Atengenezwe mtumiaji mdogo wa kazi hiyo tu, na folda ambamo Wine huweka diski C iwe mali yake hasa, kwa kuwa Wine hukataa folda isiyo ya yule anayeiendesha.

Tena kuna jambo la skrini, ambalo ndilo huwakatisha wengi tamaa. Programu ya Windows aghalabu hutaka kuchora dirisha hata kama hapana wa kulitazama, na kompyuta inapoamka hakuna skrini iliyofunguliwa kwa ajili yake. Xvfb hutengeneza skrini ya uongo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, programu ikachora humo na kuridhika.

Sisemi kila programu itakubali. Iko ile ambayo, ikipatwa na kosa, hufungua kidirisha kidogo na kungoja mtu abonyeze "OK". Ndani ya skrini ya uongo hapana wa kubonyeza. Nayo systemd haitaiinua, maana haijaanguka; imesimama tu. Programu ya tabia hiyo ibaki na mtu wa kuiangalia mpaka itafutwe nyingine, na mtu huyo wawe wawili, kila mmoja na neno lake la siri.